Spana za Bhoke

Nyie mliokulia upande wetu wa Ringwani mtanisaidia kukumbuka: gari halikuwa kitu cha kumpelekea fundi. Fundi alikuwa Mugumu, gari lilikuwa Ringwani, na katikati kulikuwa na mito ambayo mvua ikinyesha haijadiliani na mtu. Mwenye gari alikuwa na spana zake nyumbani. Asiyekuwa na spana, gari lake lilikuwa la kukalia tu jioni na kupiga soga.

Baba alikuwa na pikapu ya buluu, kuukuu, iliyonuka dizeli, mbuzi na maziwa yaliyomwagika. Ilibeba mahindi na watu kwenda Mugumu, na msimu ukiwa mzuri ilifika hadi Tarime. Sisi watoto tulipanda nyuma juu ya magunia, tukishuka tumekuwa weupe kwa vumbi mpaka kope. Ufundi aliupata ujanani alipofanya kazi kwenye jineri ya pamba, lakini huko jineri aliacha spana za wenyewe, akarudi nyumbani na mikono mitupu. Miaka ile ya kwanza alifungua kila kitu kwa plaizi moja ya kuazima. Nati za pikapu zikaliwa pembe, nyingine zikawa duara kabisa, na kila ilipoteleza baba alitukana kwa Kikurya huku akituangalia kama tumesikia. Tulikuwa tumesikia.

Halafu dada yangu Bhoke, mkubwa wetu, akaolewa Nyambureti, na ng'ombe wakaingia zizini. Wenzangu wa Mara mnajua mila, kwa wageni nitaeleza kidogo. Ng'ombe wa mahari wa binti ni wa nyumba ya mama yake. Baba anawachunga, lakini hawatumii ovyo, maana ndio watakaotolewa mahari kaka zake wakioa. Na binti akiachika kabla hajazaa, wanarudi kwao wote. Akikosekana mmoja tu, binti bado ni mke wa watu, na wenyewe wanaweza kuja kumchukua.

Baba alijua yote hayo, ila alikuwa amechoka na plaizi. Kati ya ng'ombe wale kulikuwa na fahali mwekundu mwenye nundu ya kuvutia. Akamwambia mama atampeleka mnadani na kununua zana.

"Hujaona mjukuu, umeshaanza kula ng'ombe?" mama alimwuliza.

"Simli. Namgeuza chuma."

"Basi hicho chuma ni cha Bhoke, na kitakaa chumbani kwangu," mama akasema, na ikawa hivyo.

Mimi nilikwenda na baba Sirari, mpakani, kununua, na safari ile ndiyo iliyonifundisha kuchagua spana mpaka leo. Baba alibeba kopo la mafuta ya kupikia limejaa nati na bolti za pikapu, kila aina moja. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, mwenye maneno mengi na seti zinazong'aa kama vijiko vya harusi.

"Mzee wangu, beba hii seti mzima. Hii ni original, iko sawa sana."

"Sitaki nyingi," baba akamjibu. "Nataka zinazoshika."

Akachuchumaa, akamwaga nati zake chini, akaanza kujaribu spana moja moja. Spana ilivikwa kwenye nati na kutikiswa. Ikicheza hata kidogo, ilirudishwa. Aliangalia midomo yake kwenye mwanga kama imenyooka. Alikwaruza rangi ya fedha kwa ukucha, ikibanduka hakuitaka, alisema chuma kizuri hakina haja ya kujipaka poda. Alitaka zenye mdomo upande mmoja na pete upande mwingine: pete ya kulegeza nati iliyokaza, mdomo wa kumalizia. Plaizi aliifumba na kuielekeza kwenye jua. Ukiona mwanga kati ya meno yake, mwachie mwenyewe. Bisibisi alichukua ambayo chuma chake kimepita mpaka ndani kabisa ya mpini. Yule kijana alipomletea spana namba kumi na tatu, baba alikataa. "Gari langu halina kumi na tatu. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Hizo tu."

Jua lilitupiga mpaka nikasinzia juu ya kiroba. Vibanda vyote tulivimaliza. Jeki tulinunua kwa mahindi yetu wenyewe, si kwa fahali, na baba aliijaribu kwa kunyanyua mkokoteni wa mtu uliosheheni vitunguu, mwenye vitunguu akiwa anafoka. Tukamaliza kwa ugali na kichuri, nyama ya kuchovya kwenye nyongo, na uchungu wa nyongo ile nausikia ulimini hadi sasa ninapoandika.

Kitu cha mwisho kununuliwa kilikuwa spana ile ya kufunguka na kufunga, inayoingia kwenye nati ya kila saizi. Mafundi wote nchi hii wanaiita spana malaya. Mama aliposikia jina hilo akasema kitu hicho hakiingii chumbani kwake, hakilali na mali ya mwanawe. Baba akakitupa chini ya kiti cha dereva. Hata yeye hakukipenda, alisema kinashika kila nati na hakuna hata moja kinayoishika vizuri.

Basi sanduku la zana likaishi uvunguni mwa kitanda cha mama. Baba akitaka kubadilisha oili, anasimama mlangoni: "Mama Bhoke, naomba ng'ombe wa mwanao nikafungue filta." Mama humtoa kwa madaha yote. Jioni, kabla sanduku halijafungwa, zana zilihesabiwa kama mifugo inavyohesabiwa ikiingia zizini. Baba anaita, "Kumi na nne!" nasi tunaitikia, "Imelala!" Kama moja haijaonekana, hakuna aliyekula. Tulitafuta majanini kwa magoti, kwa viganja, hata mgeni aliyekuja kusalimia aliinamishwa. Nati zilizoliwa tulipewa sisi wasichana tuchezee mdako, na nawaambia, jiwe haliruki vizuri kama nati.

Mavuno ya pili baada ya harusi hayajaisha, Bhoke akarudi, hajazaa. Alikuja kwa miguu kutoka Nyambureti, jicho moja limeziba, kanga ameivuta usoni. Mama alimpa maji ya kuoga, hakuuliza kitu. Baba ndiye aliyesema, na baba yangu hakuwa malaika.

"Vumilia, mwanangu. Ndoa ni kuvumilia. Wote tulivumilia."

"Wewe nani alikupiga?" mama akamwuliza.

Bhoke akamgeukia baba, akaongea taratibu, kama anaagiza chumvi dukani. "Tata, nikirudi kule, mara nyingine mtakuja kunichukua na machela."

Baba alitoka akaenda kukaa kwenye pikapu, mlango wazi, mguu mmoja nje. Nilimwona anatazama zizi. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umepita ukafagia ng'ombe wa kwetu. Waliobaki ni ng'ombe wa Bhoke na maksai wawili wa kulimia. Akimtoa maksai mmoja, jembe halivutwi, na mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Fahali mwekundu alikuwa ameshaliwa na watu tusiowajua. Mimi nilikuwa mtoto lakini hesabu ile niliielewa, na niliogopa.

Wakaja kudai ng'ombe wao au mke wao. Mzee Wambura, baba mkwe wa dada, na mume wa dada, na mzee mwenzao mmoja wa kushuhudia. Tuliwaamkia shikamoo, wakaitikia, wakapewa viti. Mume hakukaa, alikwenda kuzunguka pikapu akiyapigapiga matairi kwa kiatu. Ng'ombe wakatolewa zizini mmoja mmoja, na Mzee Wambura aliwajua wote kwa rangi na pembe.

"Fahali mwekundu simwoni," akasema.

"Nilimuuza," baba akajibu.

"Basi mke wetu bado ni mke wetu. Bhoke, chukua kanga zako twende."

Bhoke alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alimtazama baba. Sote tulimtazama. Kuna saa nyingine nachukia mila zetu kabisa, na ile ilikuwa saa hiyo. Baba akatazama maksai, akatazama pikapu yake, akajifuta uso wote kwa kiganja.

"Ghati," akaniita. "Lete sanduku."

Kwa haki, mwenye sanduku alikuwa mama, na angeweza kukataa. Alisogea pembeni nikapita. Nililiburuta mpaka uani, baba akatandika gunia na kupanga zana zote juu yake, akizifuta kwa kitambaa cha oili moja baada ya nyingine.

"Fahali wako ni huyu," akamwambia Mzee Wambura. "Hii kumi ni ya betri. Kumi na nne ndiyo inayofungua mambo mengi kuliko zote, usiiazimishe. Kumi na tisa ina nguvu, lakini usiigonge nyundo."

"Mimi sina gari. Hivi vyuma nitavifanyia nini?"

"Vipeleke mnada wowote, utarudi na fahali. Vipime kwanza."

Yule mzee wa kushuhudia akainuka. Alichukua kumi na nne, akaenda nayo kwenye pikapu, akaivisha kwenye nati, akaitikisa. Haikucheza. Akaivisha kwenye nyingine, akaitikisa tena. Akarudi amekunja midomo.

"Wambura," akasema, "hii ni mali."

"Na jeki je?" mume wa dada akapaza sauti kutoka kule kwenye matairi.

Jeki haikuwa ya fahali. Ilikuwa ya mahindi yetu, na kila mtu wa nyumba ile alijua. Baba alibaki amechuchumaa palepale, kichwa chini. Nilifikiri atakataa, na ningemwunga mkono.

"Chukua na jeki, mura," akamwambia yule kijana.

Mzee Wambura akasimama, akasema mbele ya wote kwamba wamemaliza, Bhoke si wao tena. Wakaswaga ng'ombe wakaondoka. Aliyebeba sanduku kichwani alikuwa mume mwenyewe, na lilikuwa zito kwelikweli. Shingo ilimzama mabegani kabla hajafika kwenye uzio. Mama aliingia jikoni akacheka mpaka machozi, au alilia mpaka akacheka, mimi sikujua. Bhoke alikuwa ameachia ugali ukaungua. Tuliula vilevile, na baba aliomba ukoko.

Kuanzia hapo pikapu ilitengenezwa kwa ile spana ya chini ya kiti, yenye jina lake baya, iliyobaki kwa kuwa mama alikuwa ameikataza kuingia sandukuni. Nati zikaliwa tena. Baba alitukana tena, safari hii bila kutuangalia. Siku moja gari likagoma kabisa, nati iliyotakiwa kufunguka haikuwa na pembe hata moja, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva.

Mimi sasa naishi Mugumu, nina kagari kangu, na oili nabadilisha mwenyewe uani kwa sababu sipendi kusubiri watu. Vijana wa kwetu taa ya dashibodi ikiwaka wanaipiga picha na kumtumia mtu wa Mwanza, halafu wanakaa ndani ya gari vioo vimefungwa wakingoja jibu. Mpwa wangu alinunua sanduku la plastiki lenye vipande vingi vimepangwa kama meno ya bandia, vingine hata muuzaji hajui kazi yake. Namba kumi ilipotea wiki ileile. Nilipomwambia achukue nati za gari lake aende nazo dukani akajaribishe, alinitazama kwa huruma, kama nimemwambia aende na ndama. Hakuna anayeita namba jioni wala anayeitikia, na watoto hawajui mdako.

Sisemi kila cha zamani kilikuwa kizuri. Siku hizi binti akipigwa kuna ofisi ya kwenda, na anayemrudisha kwa mumewe kwa sababu ya ng'ombe anaonekana mshamba, na mimi nashukuru. Lakini siku hizi pia mtu hana kitu kimoja alichokichagua kwa kuchuchumaa juani kutwa nzima, kwa hiyo hata akikitoa hakimuumi. Baba kilimuuma. Nilimwona mara nyingi mkono wake unapapasa pembeni, chini kwenye majani, kutafuta kumi na nne ambayo haikuwepo.

Hakununua nyingine mpaka anatutoka. Uzeeni mwake alikuja kijana wa jirani kuazima spana, pikipiki yake imelegea mnyororo. Baba akamwambia hana.

"Mzee, fundi gani wewe huna hata spana?" kijana akacheka.

Bhoke alikuwa uani, anaanika mtama. Baba akamwonyesha kwa kidevu.

"Ninazo," akasema. "Zinaanika mtama."