Marimba za Nyumba ya Jirani

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa akifundisha nyimbo katika shule ya watawa. Vita vilipokaribia Uvira, mtawa mmoja mzungu aliyekuwa anaondoka alimwachia kaseti. Ndani yake mlikuwa na piano, marimba na ngoma ndogo, bila mwimbaji hata mmoja. Sauti zilezile chache zilirudiwarudiwa upande mzima, zikibadilika polepole mno hata hukujua zimebadilika wakati gani. Mama alisema zinamtia kizunguzungu. Yaya alizipenda, akawa anaiweka kaseti hiyo mchana akisahihisha kazi za wanafunzi, nami nikazoea kupepeta mchele kwa mwendo wake.

Wanajeshi walipouchukua mji, komanda wao alihamia nyumba ya jirani yetu pale mtaani Rugenge, maana mwenye nyumba alikuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa. Haukupita muda, wanajeshi wawili waliingia uani, wakamwamuru Yaya abebe redio na kaseti yake awafuate. Mama alinisukuma niende naye.

Komanda alikuwa barazani, anakunywa chai. Aliiwasha redio, akasikiliza kidogo.

"Hii haiko muziki," alisema. "Iko alama. Munatuma kwa nani kule mu milima?"

"Ni muziki tu, komanda," Yaya alijibu. "Ukingoja, utausikia unageuka."

Akangoja. Tulisimama juani mpaka upande ule ukaisha. Mwishowe komanda alitabasamu, akakubali kwamba kweli unageuka. Alituruhusu kurudi nyumbani, ila redio na kaseti vikabaki kwake.

Tulidhani tumepona. Lakini tangu hapo, kila gari lao liliposhusha watu waliofungwa mikono, muziki ule ulianza, kwa sauti ya juu kabisa. Hatukusikia kingine chochote kutoka nyumba ile, na ndiyo sababu uliwekwa. Marimba zikianza, majirani waliwaita watoto ndani. Yaya alijifunga kitambaa masikioni, kisha akaacha kula.

Mama alimpeleka bandarini Kalundu, akampandisha boti ya mizigo, katikati ya madumu ya mawese. Mpaka leo anaishi Kigoma. Anafundisha hesabu.

Wanajeshi walipoondoka, jirani yetu alirudi. Kabla hajaingiza hata godoro, alimwaga saruji mpya juu ya sakafu ya chumba cha nyuma.