Nati Moja Katikati ya Gurudumu

Dada yangu mkubwa ni mbishi, na ninasema hivyo kwa mapenzi. Ukimwambia jambo haliwezekani, hapo ndipo anapojifunga kibwebwe. Yeye na mumewe wana gereji ya matairi kando ya barabara ya malori, na mimi nina chumba cha kushonea pembeni yao. Kinachotutenganisha ni bati tu. Siri zao nazijua, zangu wanazijua, na hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake radhi.

Mumewe, shemeji yangu, wateja walimwita Kapteni kwa sababu ya sauti yake. Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: anayefungua nati havuti spana kabla hajamuuliza aliyekanyaga breki, na aliyekanyaga breki lazima ajibu. "Umeshika?" "Nimeshika!" "Navuta!" Kutwa nzima nilisikia hayo kupitia bati. Nilikuwa nawatania kwamba wameoana kasuku wawili, wanacheka, wanaendelea. Kapteni aliwahi kumfukuza fundi hodari kwa kuvuta bila kuuliza, na dada hakumtetea.

Kisha Kapteni akapata kiharusi. Kililegeza upande wake wa kulia, kikamfunga na ulimi. Daktari alisema sauti itarudi akiitumia. Mwanzoni alijaribu, maneno yakatoka yamekunjamana, na dereva mmoja wa lori akacheka. Mpaka leo nikimwona yule bwana natamani kumshona mdomo kwa uzi wa magunia. Siku ile Kapteni alinyamaza, na hakusema tena. Ndugu zake walikuja kushauri kwamba mgonjwa akae nyumbani apumzike, na dada atafute fundi mwingine.

"Fundi ninaye," dada akawaambia. "Atarudi kazini, na atarudi na sauti yake. Karibuni chai."

Walikunywa chai shingo upande, wakaondoka.

Tangu hapo kila asubuhi alimleta gereji, akamkalisha karibu na mashine ya upepo, na kazi ikawa kumuuliza. Tairi hili linafaa kiraka, Kapteni? Upepo huu unatosha? Huyu mteja tumkubalie? Kapteni alijibu kwa kichwa, au alitazama barabarani. Kesho yake dada aliuliza tena kama vile jana hakunyimwa jibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Niliona anamchosha mgonjwa na anajichosha mwenyewe, na niliwahi kumwambia hivyo. Alinijibu niende nikapige pasi.

Ndipo likaja lile gari la michezo. Lilikuwa la manjano, fupi, limelala chini mpaka ukadhani linatafuta kitu lilichodondosha. Liliingia likitambaa, tairi moja la nyuma likiwa limekaribia kuisha upepo. Mwenyewe alitoka kwa taabu, mwanamume mwenye viatu vyembamba na jasho jingi.

"Mama, nisaidie," alisema. "Gereji niliyotoka walitaka kulifungua gurudumu kwa nyundo na patasi. Nimewakimbia."

Tulichungulia. Gurudumu halikuwa na nati tano kama magurudumu ya binadamu wengine. Katikati kulikuwa na nati moja tu, nyekundu, pana kama kikombe cha chai. Niliuliza kama zile nyingine zimeibiwa, dada akanikata jicho.

"Ndivyo lilivyoundwa," alisema. "Nati moja inabeba kazi ya zote, kwa hiyo imekazwa vibaya sana. Boksi lake unalo, baba?"

Mwenye gari alilitoa nyuma ya kiti, chuma kizito kilichofungwa kwa kitambaa laini, chenye mdomo wa kuivaa nati ile. Tairi la akiba hakuwa nalo. Magari hayo hayana nafasi ya kuliweka. Alikuwa ameiona skrubu iliyozama kwenye tairi, akamwomba dada achomeke tu uzi wa kuzibia kwa nje, bila kufungua chochote.

"Gari la mwendo huu sichomeki uzi nikalala usingizi," dada alisema. "Tunalitoa, tunaweka kiraka kwa ndani."

Alilipiga jeki, akaleta spana ndefu ya malori yenye kipimo cha kukazia, na kulivisha boksi kwenye ncha yake. Kilichobaki ni mtu wa breki, maana bila breki nati haifunguki. Gurudumu lote linazunguka nayo. Mwenye gari akaingia ndani.

"Umeshika?" dada akauliza.

"Ndiyo, ndiyo."

"Navuta!"

Dada aliegemea spana kwa mwili wake wote, na Mungu hakumnyima mwili. Nati ikalia mlio wa kukwaruza. Mwenye gari akashtuka, akaachia breki, gurudumu likazunguka, na dada akakaa chini kwa kishindo. Nilicheka kabla sijajua kama ameumia. Hakuwa ameumia, ila macho yake yalikuwa yanawaka.

Nikajitolea mimi. Kile kiti ni karai, ukiingia unazama, na miguu yangu ni ya mtu wa cherehani. Niliigusa breki kwa ncha ya kidole. Dada alinitazama dirishani, akaniambia nitoke kabla sijapotelea humo.

Alisimama, akajifuta mikono. Mwenye gari alianza kuuliza kama atafute gari la kuja kulibeba lile. Dada hakumsikiliza. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha karibu na mashine ya upepo.

"Kapteni," alisema. "Nakuhitaji kwenye breki."

Kapteni alitikisa kichwa.

"Mguu wa kushoto ni mzima. Gari haliendi popote. Breki haijui ni mguu gani."

Akatikisa tena, akatazama barabarani. Nilitaka kumvuta dada mkono, nimwambie basi, mwache mtu wa watu. Yeye alichuchumaa mbele yake, akamziba asiione barabara.

"Nimeanguka umeniona," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Sina mtu mwingine wa kumwamini nikiwa nimeshika spana. Sijawahi kuwa naye."

Kapteni akanyoosha mkono, apewe fimbo yake ya kutembelea.

Kuingia kwenye lile gari kulikuwa vita. Alikataa kubebwa. Mwenye gari alipomshika kiwiko alimtazama mpaka akamwachia. Aliketi kwanza ukingoni, akauingiza mguu mzima, akauinua ule mlegevu kwa mkono kama anavyopakia mzigo, akazama. Jasho lilimtoka.

"Umeshika?" dada akauliza.

Kichwa kikainama mara moja nyuma ya kioo.

Dada alikubali kichwa. Alisema anavuta, akavuta, nati ikalia tena, na safari hii gurudumu halikusogea hata unywele. Nati ikaachia. Dada alilitoa gurudumu, akalipeleka kwenye mashine, akatoa tairi, akang'oa skrubu, akaweka kiraka kwa ndani na kujaza upepo. Muda wote huo Kapteni alibaki ndani ya gari, mkono juu ya usukani. Mwenye gari alimuuliza kama anataka maji. Alikataa kwa kidole.

Dada alirudisha gurudumu, akasafisha meno ya nati, akapaka grisi kidogo, akaizungusha kwa mkono mpaka ikakaa. Alikuwa amechoka na amefurahi, na nadhani ndiyo sababu. Aliitia spana, akakunja magoti, akaanza kuvuta.

"We!"

Sauti ilitoka ndani ya gari. Ilikuwa ya kukwaruza na upande mmoja wake umelala, lakini ilivuka barabara. Nguo niliyokuwa nashona ilinidondoka mkononi.

"Hu... hujaniuliza!"

Dada aliganda na spana mkononi. Mwenye gari alirudi nyuma, akidhani ametukanwa yeye.

"Hujaniuliza," Kapteni akarudia, taratibu, akilisukuma neno mpaka likatoka lote. Alikuwa amekasirika kwelikweli. Uso ulikuwa umefura kwa hasira ile ile aliyomfukuzia yule fundi hodari.

Dada aliinamisha paji la uso kwenye bodi ya lile gari la watu. Mabega yakatikisika, na sikujua analia au anacheka, mpaka nikasogea nikaona ni vyote viwili. Mimi nililia tu. Kisha akajifuta kwa mkono wenye grisi, akajipaka shavu zima, akaishika spana upya.

"Samahani, Kapteni," alisema. "Umeshika?"

"Nimeshika!"

"Navuta!"