Viti vya Chini ya Hema

Katika shule ya umma anakosoma mpwa wangu, wazazi huketi kulingana na alama za watoto wao. Wazazi wa mkondo unaoongoza hupewa hema na viti vya plastiki. Wengine tunakalia madawati juani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hata wenye pesa huifuata.

Mwaka jana, mpwa wangu akiwa gredi ya nane, nilikaa juani. Mama yake, dada yangu, alikuwa Obunga, mtaa wa mabanda, akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Nikamwakilisha, mimi na shahada zangu mbili na kipara changu.

Mwenyekiti wa wazazi, mkazi wa mtaa wa Nyamasaria, akasimama hemani na suti yake. Alisema watoto wa Obunga, waliokuwa wamekwisha kutengwa katika mkondo wa peke yao, wanashusha wastani wa shule. Afadhali wahamishiwe kwingine kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa gredi ya tisa.

"Hata darasa lao linanuka mgongo wazi," akasema. Hema lote likacheka.

Mwalimu mkuu akaamua: mtihani wa kufunga mwaka ungeamua. Wakishika mkia tena, waende. Mpwa wangu alikuwa dirishani, anasikia kila kitu.

Watu husema nilianza kuwafundisha watoto wale kwa moyo mwema. Waniache. Nilitaka kumwona mtu yule juani na suti yake.

Kila Jumamosi tulikutana nyuma ya kibanda cha dada. Insha nilizimudu. Hesabu zilikuwa zimenitoka tangu ujana, ikabidi nizisome upya, na watoto walipogundua walinicheka, kisha wakaanza kunisahihisha. Aliyezembea nilimuuliza, "Unataka mwenyekiti afurahi?" Hilo liliwachoma kuliko kiboko.

"Wewe unafundisha ama unagombana?" dada aliniuliza akigeuza samaki.

"Yote mawili."

"Basi gombana polepole, unanifukuzia wateja."

Waliongoza. Si kwa mbali, lakini waliongoza, na hakuna aliyethubutu tena kutaja uhamisho.

Siku ya mkutano wa mwaka huu nilifika mapema kuliko waliosimamisha hema. Nikachagua kiti cha mbele, kinachotazama madawati. Mwenyekiti alipofika, alitutazama sisi wa Obunga hemani, akatazama kiti chake cha zamani, ambacho nilikuwa nimekikalia, kisha akaenda kuketi juani. Jasho likaanza kumtiririka shingoni. Sijawahi kufurahia mkutano wa shule kiasi hicho.

Akina mama wa Obunga wakaniharibia.

"Baba, kuja kwa kivuli! Jua itakumaliza bure!"

"Niko sawa, mama."

"Sawa gani na hiyo suti? Kuja!"

Akaja. Dada akamfungulia karatasi yenye mgongo wazi uliokaangwa asubuhi ile. Alisita, akaonja, akala kwa vidole.

"Ni tamu," akasema.

"Si ulisema inanuka?" dada akamuuliza, na safari hii hema lilicheka nasi.

Kisha dada akanigeukia. "Inuka, baba akae."

Mpwa wangu alikuwa dirishani tena, dirisha la gredi ya tisa, shule ileile. Nikamtazama, nikatanua magoti palepale kitini, nikajishughulisha na simu.

Mwenyekiti alikula amesimama.