Kipande cha Majaribio cha Mpemba

Baba alipomfuata mama kaburini, wakubwa wa ukoo walikaa baada ya matanga wakatugawa. Mdogo wangu wa kiume aende Galula kwa baba mdogo. Wa kike aende Vwawa. Yule wa mwisho, ambaye hata kutembea alikuwa hajatembea vizuri, achukuliwe na shangazi aliyeolewa ng'ambo, upande wa Zambia. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili niwauguze wazazi. Nilipiga magoti mbele ya baba mkubwa nikamwomba aniachie niwalee mwenyewe.

"Utawalisha nini, binti? Machozi?"

Nikamwambia nimepata kazi barabarani. Akasema, "Haya. Siku kazi ikiisha, nakuja kuwachukua."

Ilikuwa miaka ile barabara kuu ya kwenda Zambia inatiwa lami. Pale kijijini kwetu Mpemba watafiti wa barabara walitenga kipande kifupi kando ya njia ya malori. Walitaka kujua kama udongo wetu mwekundu, ukichanganywa na saruji na kushindiliwa, utabeba malori mazito, ili wasisombe mawe kutoka mbali. Ukifaa, kambi ingebaki kwetu, nasi wanawake wa maji tungebaki kazini. Usipofaa, wangehamia kule kwenye mawe. Kanisani wenzangu waliombea mahindi na kahawa. Mimi niliombea udongo.

Kazi yetu ilikuwa kuchota maji mtoni na kulowesha magunia yaliyofunika kile kipande, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Fundi aliyetusimamia alituachia agizo moja tu: kisikauke. Madereva waliopita walipunguza mwendo watucheke.

"Akina mama, mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Amepata nafuu," alijibu mkubwa wetu, mjane jirani yangu. "Teremka tukulaze wewe!"

Kabla siku za kulowesha hazijatimia, mdogo wangu wa kike alianza kuhara damu, nikampeleka hospitali Vwawa. Fundi naye alikuwa ameitwa Mbeya. Niliporudi na mtoto mgongoni nilikuta magunia yamekunjwa vizuri pembeni, na kile kipande kiko wazi, kimekauka, jua la kiangazi na upepo vinakipiga.

"Mama, nani kafunua?"

"Mimi," mjane alisema, akitabasamu. "Tangu nimeolewa nasiriba sakafu. Udongo usipoanikwa haushiki. Wakija kupima waukute mbichi si utabonyea? Watoto watachukuliwa. Tumeuanika kwa ajili yako, mwanangu."

Wenzake waliitikia kwa furaha. Kwetu hakuna nyumba iliyosimama bila kuanikwa, kuanzia matofali hadi sakafu. Ningewaamini na mimi, ila nilipoinama niliona nyufa nyembamba zimetambaa kama mizizi. Nilitupa magunia juu, nikakimbilia mtoni. Tulimwaga maji hadi giza likaingia. Nyufa hazikufunga.

Siku ya kupima walileta lori lililojaa mawe. Waliingiza mti mrefu wa chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, wenye kitu kama saa mwishoni, na lori lilipoondoka mhandisi alisoma kwenye mshale jinsi udongo ulivyobonyea. Akasoma tena mahali pengine. Nilimwona fundi akikuna kichwa.

Nilimfuata mhandisi. "Shikamoo, baba. Udongo hauna kosa. Tuliuanika."

Mjane alikuja nyuma yangu. "Niliuanika mimi, baba. Nifukuze mimi, huyu muache."

Mhandisi alivua kofia. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali.

"Sikufukuzi, mama. Lakini barabara hii ni ndefu. Huko mbele nako kuna watu, nako kuna jua. Kama nguvu yake inategemea kila mtu asikosee hata siku moja, siwezi kuijenga hivyo."

"Tujaribu tena," nilisema. "Kipande kingine. Nitalala hapo hapo."

"Mvua haitatusubiri, dada."

Juma lililofuata walikunja mahema. Baba mkubwa alifika, shangazi akavuka kutoka ng'ambo. Wale wawili wakubwa walitoka wenyewe, wa kike bado dhaifu, amemshika kaka yake mkono ingawa njia zao zilikuwa mbili. Yule wa mwisho alimkataa shangazi, akaning'ang'ania shingoni. Baba mkubwa alinyoosha mikono amtoe. Nikasema asimguse. Nilimwomba shangazi ainame, nikamweka mtoto mgongoni mwake, nikamfunga kwa khanga yangu niliyokuwa nimeivaa, ili njiani anuse harufu yangu.

Nyumba ilipobaki tupu nilimuuliza baba mkubwa kambi imehamia wapi.

"Huko hawakujui."

"Watanijua."

"Na wakikukataa?"

Nilifunga mlango kwa kamba, nikaenda kusimama barabarani kungoja lori la kwenda huko.