Mzimu Nilioutunga Mwenyewe

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na ugonjwa mmoja: kuteleza. Kila mwaka akishavuna muhogo wake kijijini kwetu Mute, alinisumbua nimpeleke kwa pikipiki mpaka pwani ya mawimbi makubwa, upande ambao hata wavuvi wanaukwepa. Hakuna kijiji pale. Kuna ngurumo ya maji, upepo unaokujaza mchanga masikioni, na tuta la mchanga refu kuliko minazi iliyo nyuma yake. Shangazi alikuwa akipanda juu na karara lake, lile ganda gumu linalofunika maua ya mnazi, analikalia, anakaza kanga, anajiachia. Mtu mzima, mwenye wajukuu! Akifika chini alikuwa ameishiwa pumzi kwa kicheko, kisha ananikazia macho nisije nikamwambia mtu.

Mwaka ule gesi ndiyo kwanza imekuwa maneno ya kila baraza, na huko Afungi, mradi ulikopangwa, watu walikwisha kuanza kuulizwa mipaka ya mashamba yao. Tulipofika juu ya tuta tukakuta vigingi vinne vyenye tepe nyekundu zinapepea. Mimi, mwalimu wa shule, nilijua mara moja kuwa ni kazi ya wapimaji. Shangazi akavua kandambili.

"Hapa watu wametambika," akaninong'oneza. "Hatupiti mikono mitupu."

Akafungua unga wa muhogo tuliobeba kwa chakula chetu, akamwaga kidogo penye kila kigingi. Nilipaswa kumwambia. Lakini mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko nilichokibana, nikanyamaza. Akaomba radhi, kisha akateleza kwa adabu, pembeni kidogo.

Hakushiba. Jumamosi iliyofuata tukarudi, na safari hii tukamkuta bwana mmoja wa serikali, mtu wa kusini aliyehamishiwa kwetu, pamoja na wapimaji wawili. Wameuzunguka ule unga, ulioganda kwa umande, kama watu waliokuta nyoka jikoni. Bwana akanieleza kwa Kireno kwamba tuta litakatwa kupisha barabara ya malori. Ila kama ni mahali patakatifu, barabara itapelekwa kwingine. Je, mamã anasemaje?

Nikamtafsiria shangazi. Akatazama tuta, akatazama karara lake.

"Mwambie sijui."

Nikamgeukia yule bwana, nikasema mengi. Nikamtajia mababu, nikamtajia mwaka wa ukame na mvua iliyoombwa hapo, nikatia na kaa weupe ambao eti hawaliwi. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajaiona yangu. Yule bwana aliandika yote, kisha akavua kofia. Siku ile ile vigingi vikang'olewa. Nilirudi Mute nimevimba kichwa kwa furaha.

Mwaka uliofuata tukaja na karara jipya. Juu ya tuta tukakuta wanawake wanne, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye mti, na unga mwingi kuliko ule wetu. Habari za mzimu zilikuwa zimetembea. Mmoja wao aliliona karara, akatukemea.

"Eh, bibi wee! Huoni haya? Unateleza juu ya mzimu?"

Shangazi akalitia karara kwapani. Tukashuka, tukakaa kwenye kivuli cha minazi, tukainjika sufuria ya muhogo motoni. Niliona aibu. Nikamwambia kila kitu: tepe za wapimaji, mababu wa kubuni, kaa.

"Nilijua," akasema. "Kireno sikijui, mwanangu, lakini mimi nilisema maneno mawili, wewe ukasema mpaka bwana wa watu akavua kofia."

"Basi niende nikawaambie wale mama ukweli?"

"Ili malori yarudi?"

Mawimbi yalikuwa yanapiga, na juu yetu wale wanawake walikuwa wakiomba kwa moyo safi mbele ya uongo wangu. Shangazi akaliweka karara gotini, akalivunja vipande viwili, akavisukuma chini ya sufuria. Karara kavu linawaka vizuri. Muhogo ulipoiva akanipa kipande kikubwa, akala chake polepole huku macho yake yako kule juu.

"Siku nyingine ukidanganya, mwanangu," akasema, "tubakizie upande mmoja wa kuteleza."