Siku Lorraine Alipogoma Kuzungusha Gurudumu

Kwa miaka ishirini na miwili Lorraine Pytlak ndiye aliyezungusha gurudumu la namba kwenye bahati nasibu ya nyama, katika ukumbi wetu wa wazima moto wa kujitolea, hapa kando ya Ziwa Erie. Yeye anazungusha, Meya Gerry Hanratty anatangaza namba, mwenye tiketi ya namba hiyo anaondoka na mbavu za nguruwe au bekoni. Na Gerry alikuwa na mdomo, jamani. Angeweza kuwachekesha watu msibani.

Siku za kazi Lorraine alikuwa karani wake. Mjane mfupi, anayevaa soksi mbili mbili kuanzia Novemba hadi Aprili. Meya aliposhtakiwa kwa upendeleo, Lorraine aliitwa kutoa ushahidi, na mwendesha mashtaka alimuuliza nani alimwamuru abadilishe tarehe kwenye barua iliyompa shemeji wa meya kazi ya kuzoa theluji ya mji mzima. "Meya," alijibu. "Alisimama nyuma ya kiti changu." Wakili wa meya akamkalia kooni saa mbili nzima. Alimwita mwongo, mjane mpweke anayetaka kuonekana. Lorraine alijibu kila swali.

Nitasema ukweli: mimi nilikuwa upande wa meya. Tulicheza mpira pamoja shuleni. Nikikutana na Lorraine dukani, nilijifanya nasoma kopo la maharage. "Subirini Gerry apande kizimbani," nilikuwa nawaambia watu. "Yule mama atajuta."

Ijumaa zamu yake ikafika. Gerry akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamwambia jaji hatatoa ushahidi. Jaji akawakumbusha wale raia kumi na wawili wa jopo la kuamua kesi kwamba hiyo ni haki yake na wasimhukumu kwa hilo. Sawa, sheria ni sheria. Lakini sisi wengine hatukuwa kwenye jopo, na mji uliwaka, kuanzia kwa kinyozi hadi ngazi za kanisa. Mimi niliona aibu kwa wote niliowaambia wasubiri.

Jumamosi mchana ilikuwa siku ya nyama. Tulidhani Gerry hatakuja. Alikuja na uso mkavu, akawapiga watu migongoni, akachukua kipaza sauti.

"Haya, wapenzi wa nyama! Mnaniona nimekonda? Wakili wangu halipwi kwa soseji!"

Wachache walicheka. Lorraine alishika gurudumu, hakulizungusha.

"Zungusha, mama," Gerry akasema.

"Kwanza nijibu, Mheshimiwa. Niliongopa?"

"Ah, Lorraine! Leo siku ya nyama."

"Jana ilikuwa siku ya kusema, ukala jiwe. Haki yako, sikunyimi. Ila mimi nimeitwa mwongo mbele ya watu, na mji huu nimeishi miaka sitini na moja. Hapa hakuna jaji. Niliongopa, sikuongopa?"

"Wakili amenikataza kuongelea kesi."

"Ila bekoni kakuruhusu!" mtu akapaza sauti huko nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Huku kwetu, usiporidhika na mzunguko unaifudikiza tiketi yako mezani. Zikifudikizwa zote, mzunguko hakuna. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja tu, mwaka nyama ilipoletwa imeoza. Niliipiga yangu mezani kifudifudi mpaka bia ikaruka. Meza yetu ikanitazama, kisha wakafuata, na meza ya pili, na ya tatu, mpaka ukumbi mzima.

"Walt, vipi tena, ndugu yangu?" Gerry akaniuliza.

"Ungemjibu, Gerry. Kule au hapa, popote. Nilikungoja."

Aliweka kipaza sauti mezani, akachukua kofia yake, akatoka. Hakuna aliyemfungulia mlango.

Lorraine akakichukua kipaza sauti. "Haya, geuzeni tiketi zenu, nyama inayeyuka," akasema, kisha akazungusha na kutangaza mwenyewe. "Kumi na nne!"

Nilikwenda mbele kumsaidia kubeba sanduku la mbavu. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Walt. Yale maharage umemaliza kuyasoma?"

"Nisamehe, Lorraine," nikanong'ona. "Nilikukosea."

Akanisogezea kipaza sauti mdomoni. "Sema hapa," akasema. "Wote wasikie."

Nikasema.