Jakaranda Iliyokatwa Kama Kahawa

"Mama Sidonie, unaniita muuaji juu ya muti tu?" Papa Edmond Munyakazi aliniuliza, makasi bado mukononi. "Miaka makumi mbili na mbili nilikata miti ya muzungu, hata moja haikunilaumu."

Nilimujibu kwamba miti ya muzungu haikuwa na mudomo, mimi niko nao. Mbele yetu jakaranda yangu ilibaki fimbo, urefu wa kifua, kichwa chake kimelala chini.

Bwana yangu Raphaël njo aliipanda, mwaka wa 1963, akaenda Kitshanga kutafuta chumvi. Vita ikapita katikati. Hakurudi, wala hakuna muntu aliyeniletea habari. Watoto wakiuliza baba yao, nawaonyesha muti. Kaburi hatuna.

Edmond alikuwa na deni yangu, kitunga kimoja cha mbegu ya maharagi. Tuliporudi Kibabi kutoka kukimbia, yeye alikuta nyumba tupu, nikamupa mbegu. Mavuno mawili yakapita bila kulipa. Akasema atanikatia matawi ya jakaranda yaliyolalia paa, tuhesabiane. Nikakubali, nikaenda mutoni. Kosa langu njo hilo.

Muntu huyu alizaliwa Bihambwe, akaingia kwenye kahawa ya muzungu kabla ndevu hazijaota. Kule walimufundisha jambo moja: muti ukifika kifua cha muntu, kata kichwa, uzae matawi ya pembeni, mikono ifikie matunda. Muzungu akakimbia mwaka wa uhuru, kahawa ikawa pori, Edmond akaendelea kuamka kwa filimbi ambayo haipigwi tena. Hata mipera yake mwenyewe aliikata kifuani. Tulimucheka wote.

Siku ile sikucheka. Nilimukataza kukanyaga uwanja wangu. Bibi yake, Dancille, akaja kusema bwana hali chakula. Nikamuambia na jakaranda haili.

Mwezi mzima muti ulikaa kimya. Halafu chini ya kidonda machipukizi sita yakatoka, yakisukumana. Asubuhi moja nikamukuta Edmond nje ya ugo, haingii.

"Ukiyaacha yote, utakuwa na ufagio," alisema. "Tuache moja, lile lililonyoka."

"Na nani anachagua?"

"Wewe, mama. Mie nilishachagua vibaya."

Nikaonyesha. Makasi alikuwa ameyaacha nyumbani. Akayavunja mengine kwa vidole, akasimika tete pembeni, akafunga lile moja kwalo na kamba ya mugomba. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, alirudi kufungua kamba na kuifunga juu zaidi.

Mvua ya pili, chipukizi lilipita kichwa changu. Pale shina lilipokatwa limebaki na kiwiko, halitanyooka tena. Siku hiyo Edmond alileta kitunga cha maharagi, akakiweka mulangoni.

"Rudisha kwa Dancille," nikamuambia. "Ile tulishahesabiana."

Akakiinua begani. Kabla ya kutoka alifungua kamba ya jakaranda, akang'oa tete, akaenda nalo.